Wale wa Kijani

Mume wangu alikuwa fundi wa friji, na katika ndoa yetu yote friji ya nyumbani haikuwahi kugandisha sawasawa. Mlango wake tuliufunga kwa kamba. Ila samaki wake walikuwa na pampu mbili, taa yao wenyewe, na betri ya gari iliyokaa chini ya meza ikisubiri umeme ukatike. Nilimwambia mara nyingi kwamba nikizaliwa tena naomba nizaliwe samaki wa sebuleni kwake. Alinijibu nisiombe hivyo, maana mle ndani hakuna wa kumgombeza na ningekufa kwa upweke.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa nimestaafu. Nimezaliwa huku huku Meru, juu kwenye migomba na kahawa, ambako samaki tuliyemjua ni dagaa wa kwenye gunia. Yeye alitoka Tanga. Watu wa kwetu waliposikia Tanga wakadhani nimeolewa na Mwislamu, kumbe ni Mlutheri kama wao, tena mwimba besi wa kwaya, besi mbaya ambayo mwalimu wa kwaya aliivumilia kwa sababu ndiye aliyekuwa akitengeneza kinanda. Hatukujaliwa watoto. Tulijenga Sokon, hapa Arusha, nyumba ya vyumba vitatu, na sebuleni, mahali ambapo wenzetu wanaweka kabati la vyombo, yeye aliweka tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto.

Ndani ya tangi kulikuwa na mawe ya baharini na samaki wadogo wa kijani, kila mmoja hazidi kidole changu. Kijani chao hakikuwa cha jani. Kilikuwa cha maji, na samaki akigeuka chini ya taa unamwona bluu, akigeuka tena amerudi kuwa kijani. Nilianza kwa kuwadharau. Nilisema mtu mzima anawezaje kusafirisha kitu ambacho hakitoshi hata mboga. Lakini mchana nikisahihisha madaftari pale mezani nilijikuta nimeacha kalamu. Walikaa juu ya mawe kwa kundi, wote wameelekea upande mmoja, kama watoto wangu mstarini asubuhi, isipokuwa hawa hawakusukumana. Nikipita na kanga ya rangi kali wote wanaingia kwenye nyufa za mawe mara moja, halafu wanatoka mmoja mmoja kuangalia kama mwalimu ameondoka. Kwao Tanga samaki hao wana jina, lakini kila mvuvi aliyeulizwa alitoa lake, kwa hiyo sisi tuliwaita wale wa kijani basi.

Aliwaleta kwa basi, ndani ya ndoo zenye vifuniko, amepakata pampu ndogo ya betri kama mtu aliyepakata mgonjwa. Nusu aliwapeleka Themi, kwa daktari wa meno, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Arusha hii hii kama baba yake kabla yake. Kwenye chumba cha kusubiria cha daktari kulikuwa na tangi kubwa kuliko letu, na mume wangu ndiye aliyelitunza. Nusu nyingine ikabaki kwetu. Maji ya bahari alikuwa akiletewa na dereva mmoja wa lori, madumu kwa madumu, na mengine aliyachanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu aliyoagiza Nairobi.

"Huyu samaki hajui kuwa mmoja," aliniambia siku moja akiwa amechuchumaa mbele ya kioo. "Wengine ukiwatenga wanajikalia. Huyu ukimtenga anashindwa hata kula."

Nikamwambia atajifunza, kila mtu hujifunza. Nilikuwa nimezoea kusema hivyo kwa wazazi wa watoto wanaolia siku ya kwanza shuleni.

Alikufa mwezi wa sita, asubuhi, kwa moyo, ndevu amenyoa upande mmoja. Sina la kuongeza hapo, na waliotaka niongeze niliwaambia waniache.

Huku kwetu ukifiwa huruhusiwi kugusa kazi. Unakalishwa kwenye godoro chini, chumbani, unafunikwa kanga, na nyumba inakuwa mali ya akina mama wa jumuiya ya kanisa. Wanapika, wanafua, wanapiga deki, wanapokea wageni, wanajua sukari iko wapi kuliko wewe mwenyewe. Ukisimama hata kwenda kuchukua glasi ya maji wanakurudisha: keti, mwalimu, sisi tupo. Ni desturi nzuri. Nimewafanyia wengine na mimi nimefanyiwa, na sisemi vibaya juu yake. Nilikaa pale godoroni nikisikia nyumba yangu ikiendeshwa vizuri kuliko nilivyoiendesha mimi.

Siku tuliyokuwa tukiwasubiri ndugu wa Tanga, nilisikia sebuleni sauti ya kukwangua. Nikafikiri ni masufuria. Wakwe wanakuja, masufuria lazima yang'ae. Nikafumba macho.

Wifi yangu, dada wa marehemu, aliingia chumbani amelia mpaka sauti imekauka. Tulikumbatiana, akakaa kidogo, akaenda sebuleni kusalimia. Hakukawia. Alirudi akainama sikioni mwangu.

"Wifi," alisema polepole, "nimeonja maji ya lile tangi. Hayana chumvi."

Nilisimama. Walinizuia, mmoja akanishika mkono, mwingine kanga. "Mwalimu, keti, mwalimu, jamani!" Sikuketi. Sebuleni kioo kilikuwa kinang'aa sijapata kuona. Mawe, ambayo kwa miaka yalikuwa yameota utando wa zambarau ambao mume wangu aliuangalia kama bustani, yalikuwa meupe, yamesuguliwa kwa steelwire na sabuni ya unga mpaka yamekuwa kama vyombo vya harusi. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Na wale wa kijani walikuwa juu, wamelala ubavu, wengine bado mdomo unafunguka na kujifunga.

Nikapiga yowe. Tangu mume wangu afe nilikuwa nimelia kwa adabu, kama mtu anayejua watu wanamwangalia, lakini pale nililia bila adabu yoyote. Akina mama wakaelewa kwamba mjane ameingia sebuleni akaona kiti cha mumewe. Wakaanzisha pambio. Waliimba kwa sauti tatu, vizuri sana, na mimi nikiwalilia samaki.

Wifi yangu ni mtu wa haraka. Aliwatoa watu akisema tunataka kusali kifamilia, akafunga mlango. Stoo kulikuwa na madumu mawili ya maji ya bahari. Tulimimina kwenye karai la kufulia tukawahamisha waliokuwa bado wanahema, kwa mikono, huku nje wakiimba. Jioni alikuwa amebaki mmoja. Kule tangini alikuwa amejificha chini ya bomba la pampu, mahali ambapo labda maji ya zamani kidogo yalikuwa hayajatoka. Wale waliokufa, wifi aliwafunga kwenye gazeti akaondoka nao, sikumuuliza alikowapeleka.

Kesho yake tulimzika mume wangu. Watu walikuwa wengi na mchungaji alihubiri vizuri.

Ukitaka kujua kwa nini sikusema kitu, ni kwa sababu ya mama mwenyekiti wa jumuiya. Ana umri wangu, analima kahawa na migomba huko juu, mwanamke mwenye mabega. Baada ya siku za msiba kupita na watu kurudi makwao, alikuja peke yake na mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa, akakaa, akaangalia tangi. Kulikuwa na samaki mmoja ndani, kwenye maji ya chumvi tuliyoyachanganya mimi na wifi.

"Wenzake wamekwenda wapi?"

"Wamekufa."

"Pole. Jamani, pole." Akasogea karibu na kioo. "Labda ni baridi ya huku. Maana maji si tatizo. Maji yale nilichota mwenyewe kwenye chemchemi yetu, nikayaleta na pikapu ya mwanangu. Ya bomba nilisema hapana, yana dawa. Samaki wa marehemu wasiwekewe maji ya hovyo siku ya msiba wake."

Nilimwangalia. Nikafikiria chemchemi ile, ambayo naijua tangu utotoni, inavyotoka chini ya mizizi, baridi mpaka meno yanauma. Maji bora kuliko hayo hakuna kwetu. Alikuwa amebeba ndoo kwa ndoo kutoka bondeni mpaka barabarani, katika umri huu.

"Labda ni baridi," nikamwambia.

Kuanzia hapo nikawa peke yangu kuliko siku ya kwanza. Watu pekee waliokuwa wakinigongea mlango ndio hao hao ambao sikuweza kuwaambia kilichoniuma. Walikuwa wakisema, "Mwalimu, funguka, lia, sema," na mimi nikiwapa chai. Nilikuwa na hasira nao na nikiwapenda kwa wakati mmoja, na hasira haikuwa na pa kwenda. Niligombana na muuza mkaa. Niligombana na fundi bomba. Jirani alipoweka redio kwa sauti nilikwenda kumwambia maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua.

Na samaki naye alikuwa akiisha. Ile rangi ilififia, akawa kama kitambaa kilichofuliwa sana. Hakukaa tena katikati ya maji. Alijibana pembeni kabisa, nyuma ya bomba, na nilipomtilia uduvi niliousaga vizuri, kama nilivyoona ukisagwa, chembe zilipita mbele ya mdomo wake zikaanguka mchangani. Nilijifunza kupima chumvi. Nilijifunza kuongeza maji yakipungua. Nilizungumza naye. Ndiyo, nilizungumza na samaki, na si maneno ya maana; nilimweleza bei ya nyanya.

Siku moja nikachukua kioo cha kunyolea cha mume wangu nikakiegemeza nje ya tangi. Haikupita muda samaki akatoka. Alikwenda kwenye kile kioo, akasimama sambamba na yule aliyemwona, akapanda naye, akashuka naye, rangi ikaanza kurudi hata mimi niliiona. Nilifurahi kama mtoto, nikapika wali siku hiyo. Lakini hakuondoka pale. Nikitia chakula upande huu, yeye yuko upande ule na mwenzake. Kesho yake hivyo hivyo. Alikuwa anakufa njaa akiwa na furaha. Nikakiondoa kioo, akarudi nyuma ya bomba, na mimi nikakaa kwenye kochi nikajiona katili.

Chumvi ilipokaribia kuisha nilikwenda Themi kwa daktari wa meno kuomba. Alinipokea vizuri, akanipa pole yake kwa Kiswahili chake cha mjini kisicho na mbwembwe, akamwambia mhudumu anipimie chumvi. Tangi lake lilikuwa limejaa. Wale wa kijani walikuwa kundi zima juu ya mawe, ndugu wa ndoo moja na wa kwetu, wanang'aa. Mhudumu alikuwa akiwalisha mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, kama alivyofundishwa na mume wangu.

Nilimweleza daktari hali ya wangu. Alisikiliza.

"Mlete hapa, mwalimu," akasema.

"Huyo ni wa mume wangu."

"Hawa pia ni wa mume wako."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia yeye ana mke, ana wana, ana wajukuu wanaopanda na kushuka ngazi hapo juu, na ana tangi zima, sasa anataka na huyu mmoja. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri wakaangalia chini.  Daktari alinipa chumvi yangu kwenye mfuko, nikaondoka bila kuaga.

Nilijua anasema kweli, ndiyo maana nilikasirika. Kama samaki angebaki kwangu, ningekuwa na kitu ndani ya nyumba kilichowahi kulishwa na mkono wa yule mtu. Kitu kinachohema. Nguo zake hazihemi, wala vifaa vyake vya ufundi. Kama ningempeleka, angeishi, na mimi ningerudi kwenye nyumba ambamo hakuna anayenisubiri nimpe chakula. Kwa majuma nilijiambia atazoea. Nilimwambia na yeye mwenyewe: utajifunza. Nilisema kwa sauti ile ya siku ya kwanza shuleni, na nikaisikia jinsi ilivyo sauti ya mtu asiyejua lolote.

Asubuhi moja nilimkuta ameegemea mchangani. Nikafikiri amekufa. Nilipogonga kioo akainuka, akayumba, akarudi chini. Sikunywa hata chai. Nilichota maji yake kwenye ndoo yenye kifuniko, nikamkinga kwa bakuli, nikaita bajaji.

"Mama, umebeba nini?" dereva akauliza, maana nilikuwa nimeikumbatia ndoo.

"Samaki."

"Wa kukaanga?"

"Wa kumpeleka kwa daktari. Na ukipita kwenye shimo hata moja, utanijua."

Akaendesha kama amebeba mayai.

Daktari aliacha mgonjwa wake kitini akaja. Hakunikumbusha maneno yangu. Aliweka ndoo kwenye kiti karibu na tangi, akaingiza mpira mwembamba, maji ya tangi yakawa yanadondoka ndani ya ndoo tone kwa tone, ili samaki ayazoee kabla hajaingia. Ilichukua muda mrefu. Nilikaa pale na wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba, nikiangalia matone. Mwanamke mmoja aliniuliza kama ni mimi ninayeng'olewa jino. Nikamwambia inawezekana.

Kisha daktari akamchota akamwachia juu ya maji.

Alishuka kidogo akasimama. Peke yake, karibu na kioo, mwembamba, amepauka. Wale wengine walikuwa mbali juu ya mawe. Halafu wawili wakatengana na kundi wakaja, wakamzunguka, nikashika kifua changu kwa sababu mume wangu aliwahi kunieleza kwamba wanaweza pia kumkataa mgeni, wakamchana mapezi. Hawakumchana. Waligeuka, na yeye akageuka nao, kama aliyesikia jina lake. Kundi likafunguka, likajifunga.

Nilisogea kwenye kioo. "Yuko wapi?"

"Yule pale, aliyepauka," daktari akasema.

"Hapana, yule wa chini," akasema mhudumu.

Walionyesha samaki wawili tofauti, na mimi nilikuwa nikimwangalia wa tatu. Nilikuwa nimeishi naye, nimemsagia uduvi, nimemweleza bei ya nyanya, na sasa sikumjua. Nililia pale mbele ya wagonjwa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita hakuna aliyeniimbia. Mmoja alinipa tu karatasi ya kujifutia.

Mama mwenyekiti alipokuja tena alikuta tangi tupu. Akalizunguka, akagonga kioo kwa ukucha, akasema lingefaa kulelea vifaranga ukiweka balbu pembeni. Nilicheka mpaka akaogopa. Nikamwambia alichukue, na mwanawe akalibeba kwa pikapu ile ile. Huko juu sasa vifaranga wanakua vizuri, naambiwa. Sebuleni kwangu kumebaki alama ya mstatili kwenye sakafu, na sijaweka kabati.

Nilianza kwenda Themi. Mwanzo nilikuwa na sababu: kuchukua ndoo yangu, kurudisha chumvi iliyobaki, kumpelekea mhudumu uduvi. Sababu zikaisha. Nikawa naingia tu, nasalimia, nakaa kwenye kiti cha karibu na kioo. Samaki wote walikuwa na rangi moja sasa, na kila siku nilichagua mmoja nikasema ndiye, na kabla ya kuondoka nilikuwa nimebadilisha. Lakini viti vya pale ni vichache na watu wana maumivu. Siku moja kijana mmoja alisimama ameshika taya huku mimi nimeketi mzima wa afya, nikaona aibu. Mhudumu aliponiangalia nikamwambia andika na mimi, nina jino.

Zamu yangu ikafika. Daktari alinilaza kwenye kile kiti, akawasha taa, akauliza ni lipi. Nikaonyesha la nyuma, kulia. Alilichokonoa kwa kichuma chake, akaligonga, akagonga la jirani yake, akaangalia juu na chini. Meno yangu ni ya rangi ya chai, kama ya wote tuliokulia maji ya huko juu, na ni magumu kama mawe. Alilichungulia muda mrefu kuliko jino lolote linavyostahili.

"Linauma lini?" akauliza.

"Jioni," nikasema. "Jioni ndiyo linauma zaidi."

Alivua glovu zake moja moja, akainua kiti nikakaa wima. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliona pembe ya tangi.

"Jino hili ni zima, mwalimu," akasema. "Lakini nisingependa tuliache hivi hivi. Njoo Jumatano, jioni, tuliangalie tena."